Kitabu cha Hardee cha kwata za bunduki (1855): michoro nimeipenda, chapa ya kuagiza imeniudhi

Nilikua natafuta muda mrefu michoro ya kwata za bunduki za zamani, zile za kushindilia mdomoni kama gobore, maana nachora na nataka nijue mwili wa askari unakaaje kila hatua. Nikaamua nichukue Rifle and Light Infantry Tactics ya William J. Hardee, ofisa wa jeshi la Marekani, ilitoka Philadelphia 1855. Nimeagiza chapa ya siku hizi, kuna watu wanachukua skani ya kitabu cha zamani wanakuchapia ukishalipa.

Kitabu chenyewe kwa kweli kina utajiri. Hardee aliegemea mafunzo ya askari wepesi wa Ufaransa (askari wa miguu wanaosonga kwa kasi), na wizara ya vita kipindi kile ilikua chini ya Jefferson Davis, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya Kusini. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Kaskazini na Kusini, ilipoanza 1861 Hardee nae akaenda Kusini, kwa hiyo pande zote mbili zikawa zinafundisha vijana wao kwa kitabu kimoja mpaka Kaskazini wakatoa cha Silas Casey 1862. Halafu 1863 wizara ya vita ya Kaskazini ikatoa toleo maalum kwa ajili ya vikosi vya Wamarekani weusi, hilo nalitafuta sana, yeyote mwenye skani safi anitumie jamani.

Sasa michoro. Kujaza bunduki kunaenda kwa amri tisa: unaishusha, unachukua risasi ya karatasi (risasi na baruti vimefungwa pamoja), unaichana kwa meno, unamimina baruti, unachomoa mdeki (ule ufito wa kushindilia), unashindilia, unarudisha mdeki, unaweka fataki (kikofia kidogo kinachowasha baruti), unabeba begani. Maandishi yanakwambia kitako cha bunduki kikae katikati ya miguu na mdomo wa mtutu uwe inchi 3 kutoka mwilini, visigino mstari mmoja, nyayo zimefunguka kidogo chini ya pembe mraba. Ukisoma tu unachanganyikiwa, ukiangalia picha unaelewa palepale, kwa sababu mchoraji hajahangaika na moshi wala mapigano, kakuwekea mtu na bunduki yake basi, macho yako yanaenda kwenye mikono. Hata kurudisha mdeki, kinachousukuma mwishoni ni kidole kidogo cha mkono wa kulia, na mimi nikiangalia naona ndo maana kiganja hakikai juu ya mdomo wa mtutu wenye baruti ndani. Kitu kidogo hivyo lakini ukikikosea kwenye mchoro wako, anayejua atakushika.

Na hapo ndo chapa yangu imeniudhi. Wamepunguza saizi ya kurasa ili ziingie kwenye jalada lao, na picha kadhaa zimekatwa chini, miguu hakuna! Yaani kitako kinatakiwa kiwe katikati ya miguu alafu miguu yenyewe imeenda na mkasi, sasa ntajifunza nini? Vivuli navyo, ile mistari myembamba iliyokaribiana, imeungana imekua doa jeusi, vidole huvioni kabisa kwenye picha za mdeki. Karatasi nzuri, gundi imeshika, maandishi yanasomeka vizuri, ila mtu hanunui kitabu cha namna hii kwa ajili ya gundi.

Nimewaandikia nikawatajia kurasa zilizokatwa, wakanijibu eti skani ndo ilivyo. Sio kweli, kwa sababu nimeingia Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, nikapata kitabu hichohicho bure na miguu ipo, hadi kivuli cha viatu kinaonekana.

Kwa anayetaka kusoma amri na mwendo (hatua 110 kwa dakika mwendo wa haraka, 165 ule wa mbio) chapa hii inatosha, nyota tatu. Kwa mchoraji nyota moja. Pakua skani, chagua kurasa za michoro peke yake, peleka steshenari wakutolee kwenye A3, na uwaambie wasiweke ile setingi ya printa ya kujaza ukurasa, inakata kingo.