Waya wa meza ya treni ndogo: upi ununue, upi uuache dukani, na maungio yake

Treni inakimbia fresh karibu na kontrola, alafu ikifika upande wa pili wa meza inaanza kujikokota. Wengi hapo wanakimbilia transfoma kubwa zaidi na hela inaenda bure, mana mara nyingi transfoma haina kosa, kosa ni waya mwembamba na maungio mabovu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, ukipoteza 3 njiani hata hujui, ila kwenye treni ya volti 12 ukipoteza hizo 3 robo nzima imeondoka.

Tupige hesabu kidogo tu. Waya mkuu unapita chini ya meza mita 10, kwenda na kurudi inakua mita 20, mzigo amp 5 (busta, kile kifaa kinachosukuma umeme relini, nyingi za DCC, yaani treni za kuendeshwa kidijitali, za HO, saizi ya 1:87, ziko hapo hapo). Fleksi (waya laini wa nyuzi nyingi) ya 0.5, yaani milimita za mraba, itakula karibu volti 4, ya 1.5 kama volti 1.3, ya 2.5 kama volti 0.8 hivi. Kwa hiyo namba moja kwa waya mkuu ni 2.5 ya shaba, ule ule fundi anaopeleka kwenye soketi, upo Kariakoo ya Dar, upo Luthuli ya Nairobi, upo hata duka la hadwea la mtaani kwenu. Walioko Marekani waombe saizi yao ya AWG 14, inakaribiana nayo. Chukua wa nyuzi nyingi kama meza yako inafunguliwa na kuhamishwa, ila kama imekaa tu haitikisiki hata ule wa uzi mmoja mgumu unafaa na unanyooka vizuri chini ya mbao. Na chukua rangi mbili, moja kwa kila reli, usibadilishe katikati eti nyekundu imeisha, utakuja kutafuta shoti usiku kucha. Wenye Märklin ya reli tatu wao wanajua, nyekundu ya katikati na kahawia ya reli.

Namba mbili ni 1.5. Meza ndogo, ama N (saizi ndogo kuliko HO), ama seti ya kuanzia ya amp 1, hapo 2.5 ni mbwembwe tu. Nimeona watu wanajenga reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kampala kwa H0m (upana wa reli mm 12, sio 16.5 ya HO ambayo ndo inaendana na SGR) wakadhani kwa vile reli ni nyembamba waya nao upungue, hapana, angalia amp na urefu, basi.

Fleksi ya 0.5 inunuliwe kwa kazi moja, vile vipande vifupi vya kutoka waya mkuu kupanda relini, sentimita 30 vikizidi sana. Weka kila baada ya mita moja au mbili, na ukiweza kila kipande cha reli kipate chake, mana vile vibati vya kuunganishia reli vinashika kutu na vinalegea, usivitegemee kupitisha umeme. Nyuzi za ndani ya kebo ya LAN ni nzuri kwa taa na ishara, unapata nane kwa bei ya moja, ila relini hapana.

Ya mwisho kabisa ni waya wa spika wa bei chee. Mwingi ni alumini iliyopakwa shaba juu, kwangua na wembe uone, ndani ikiwa nyeupe rudisha. Inapoteza volti zaidi, inakatika ukiikunja, na risasi ya kulehemu haishiki vizuri. Siku hizi hata LAN zipo za hivyo, kwangua nazo.

Sasa maungio. Relini ni kulehemu, hakuna mpinzani. Lehemu upande wa nje wa reli ili magurudumu yasigonge, kwangua kwanza pang'ae, pasi iwe ya moto kweli uguse na kutoka haraka, weka tishu iliyolowa pande zote mbili la sivyo vitaruma vya plastiki vinayeyuka. Tumia risasi ya elektroniki yenye fluksi ya ndani, ile ya asidi ya mafundi bomba itakula waya taratibu.

Chini ya meza naweka WAGO 221, kiunganishi kidogo cha plastiki, namba moja, unanyanyua kile kimkono, unaingiza waya, unabana, na inakubali 2.5 na 0.5 kwenye kiungo kimoja. Bei yake inauma kidogo ila ukilala chali chini ya meza na tochi mdomoni utashukuru. Za kubana na koleo, zile za Scotchlok, namba mbili, ila saizi ilingane, la sivyo kisu chake cha ndani kinachopasua ganda la waya kinakata nyuzi au hakizigusi kabisa. Konekta za skrubu ni namba tatu, rahisi na zipo kila mahali, ila nyuzi nyingi zinalegea humo, kaza tena baada ya muda. Kusokota na tepu nyeusi sitaki hata kuipa namba, joto la pwani gundi yote inatoka.

Ukimaliza, wenye DCC wapitishe sarafu juu ya reli mbili kila kona ya meza, busta ikate hapo hapo. Isipokata, toa sarafu haraka, mana siku treni ikianguka hapo hizo amp 5 zitaendelea kupita mpaka plastiki ianze kunuka. Alafu usianze kung'oa waya mkuu, angalia kwanza kile kipande cha 0.5 kilicho karibu na hapo na kiungo chake, mara nyingi ni chenyewe.