Klabu ya wakusanya lebo za bia: nilikuja kutoa nyota moja

Niseme mapema tusipotezeane muda: mimi bia sinywi. Nakusanya lebo zake. Kama hilo linakuchekesha, cheka kwanza umalize, kisha urudi tuongee, kwa sababu nina hasira na sitaki kukatizwa.

Nimekuwa mwanachama wa klabu hii kwa miaka miwili na ushee hivi. Jina lake silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na aliyeshika mkasi atajijua zaidi. Mambo ya ada na namna ya kujiunga utayakuta kwenye fomu yao. Mimi nimekuja kuongelea bahasha.

Kwa wasiojua, klabu za namna hii zina kitu tunachokiita bahasha ya mzunguko. Katibu wa mabadilishano anaweka lebo kadhaa ndani ya bahasha pamoja na orodha ya wanachama watakaoipokea. Ikikufikia unachagua unazozitaka, unaweka zako idadi ileile, unaandika ulichotoa na ulichoweka, unaituma kwa anayefuata. Unaweza pia kuweka lebo "ya kutazamwa tu", yaani wenzako waione, waisome, waipige picha wakitaka, lakini irudi kwako. Mfumo wote umesimama juu ya uaminifu. Hakuna mlinzi wala kamera, ni watu wazima na bahasha yao.

Mimi nikaweka lebo yangu ya Kimarekani. Ya kutazamwa tu. Nikaandika hivyo kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Mara mbili.

Lebo hiyo niliikuta ndani ya kitabu kikuukuu, mtu alikuwa ameifanya alama ya ukurasa. Haijawahi kubandikwa kwenye chupa: mgongo wake msafi, hauna hata kovu la gundi. Kiwanda chenyewe si maarufu, na picha yake si ya kumsimamisha mtu njiani. Kilichonifanya niipende ni mstari mmoja kwenye ukingo wa chini, herufi ndogo kama sisimizi: "Internal Revenue Tax Paid". Maana yake kodi ya serikali imeshalipwa. Marekani walipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na bia iliporudi, serikali ikawa na maneno yake ya kuweka kwenye lebo. Haya ya kodi yalianza 1935 na yakaondolewa 1950. Kwa hiyo lebo inaweza isiwe na tarehe popote, lakini ukiuona mstari ule unajua ilichapwa ndani ya miaka hiyo 15. Ule mstari ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Bahasha ilirudi baada ya miezi, sikumbuki mingapi. Niliifungua nimesimama, hata mkoba sijaweka chini. Lebo ipo. Nikafurahi. Halafu nikaiona kama imepungua. Unajua mtu uliyemzoea akinyoa ndevu, unahisi kuna kitu ila hukijui? Ndivyo ilivyokuwa. Nikachukua lenzi.

Ukingo wa chini haupo. Mstari umeondoka wote. Mtu amekaa, ameshika mkasi, ameukata.

Na asitokee wa kuniambia labda ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwanza ninayo picha niliyoipiga kabla ya kuituma. Pili, lebo za zamani kama ile zilichapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, karatasi zikarundikwa, kisha kisu kizito cha mashine kikazipitia kwa pamoja. Ukingo wa mashine umenyooka, hauna wasiwasi. Ukingo wa mkasi una vituo. Kila mkono unapofumba na kufumbua, panabaki kajino. Mimi nilihesabu vijino vitatu.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Nimelifikiria sana hili, pengine kuliko inavyostahili. Kuna wakusanyaji wenye albamu za mifuko ya plastiki ya saizi moja. Lebo ikizidi mfuko, badala ya kutafuta mfuko mkubwa wanaipunguza lebo. Nadhani huyu aliikata akijua ni ya kuchukua, kisha ndipo akasoma maandishi yangu, akairudisha kimyakimya kama mtoto anayerudisha kikombe chenye ufa kabatini. Angeandika tu "samahani" kwenye ile karatasi, leo nisingekuwa hapa. Labda.

Nikampigia simu katibu wa mabadilishano. Ni mtu mzima, nikaanza na shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza na habari za nyumbani. Nikamweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema:

"Dada, hebu punguza presha. Hiyo si karatasi ya chupa ya bia tu?"

Karatasi ya chupa ya bia tu! Angekuwa shangazi yangu ningemwelewa, yeye huniambia hivyo kila akija. Lakini huyu ni katibu wa klabu ya wakusanya lebo za bia! Kazi yake yote, cheo chake chote, ni karatasi za chupa za bia! Anakusanya ada za watu kwa ajili ya karatasi za chupa za bia!

Nikamwambia, mzee, orodha ina majina matano tu, si uwaulize? Akajibu kwamba klabu si mahakama. Halafu akaongeza neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nasaga meno: "Mbona picha yenyewe imebaki?"

Naomba nilijibu hapa, kwa kuwa kwenye simu nilishikwa na kwikwi ya hasira nikakata. Picha ndiyo kitu cha mwisho. Chukua Guinness. Kwa miaka mingi bia yao ilitiwa kwenye chupa na wafanyabiashara wengi tofauti, na lebo zilichapwa jina la kila mmoja wao. Ukizitazama kwa mbali zote ni moja: kinubi kilekile, umbo lilelile. Kinachozitenganisha ni mstari mdogo wenye jina la aliyejaza chupa. Wako watu wametumia nusu ya maisha yao kuwinda mistari hiyo. Kata mstari, umezigeuza zote kuwa lebo moja. Au chukua lebo za Uingereza za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Karatasi iliadimika, viwanda vikazipunguza lebo zao, nyingine zikawa kijikaratasi tu. Udogo wake ndio historia yake. Sasa kama kila mmoja wetu atakuwa na mkasi wake, nani ataweza kusema hii ilipunguzwa na vita na hii ilipunguzwa na bwana fulani mwenye mifuko midogo?

Haya. Nimepumua.

Sasa tatizo langu ni kwamba jarida la klabu hii ni zuri. Nilitaka kulisema vibaya nimeshindwa. Kulikuwa na toleo moja, la mwaka jana nadhani, lililoandika habari za pembetatu nyekundu ya Bass, kiwanda cha bia cha Uingereza, ile iliyosajiliwa mwaka 1876 ikiwa alama ya biashara nambari 1 ya Uingereza. Nambari moja kabisa, kabla ya sabuni, kabla ya biskuti. Wakaeleza kwamba mchoraji Manet, kwenye ule mchoro wake wa 1882 wa mhudumu wa baa aliyesimama mbele ya kioo, aliweka juu ya kaunta chupa zenye pembetatu hiyohiyo. Mchoro huo nilikuwa nimeuona mara nyingi, kila mara namtazama yule dada na macho yake ya kuchoka. Lebo sikuwahi kuiona. Nilikwenda kuutafuta tena, nikaiona, nikacheka peke yangu. Hiyo furaha nilipewa na klabu hii, siwezi kuikana.

Na wao ndio walionifundisha kubandua. Kabla ya hapo nilikuwa nakwangua kwa kisu, naona aibu kukiri. Kumbe chupa nyingi za kurudishwa kiwandani hubandikwa kwa gundi inayokusudiwa kuachia chupa zikioshwa, nyingine imetengenezwa kwa kaseini, protini ya maziwa. Unailaza chupa kwenye maji ya vuguvugu, unakwenda kufanya mambo yako, ukirudi lebo imeachia yenyewe inaelea. Unaikausha katikati ya karatasi zinazonyonya maji, juu unaweka vitabu vizito, na jua usiisogeze karibu. Zile za stika za plastiki hazitaki maji kabisa. Hizo unazipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi ikilainika unavuta polepole kama unayebandua plasta kwenye kidonda cha mtu unayempenda. Selotepu ni haramu. Gundi ya kawaida ni haramu. Mkasi, niliambiwa siku ya kwanza kabisa na klabu hiihii, ni haramu mara tatu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kupoa. Nilifikia kusema nyota tatu, maisha yaendelee. Kisha likaja toleo jipya la jarida lenye matokeo ya shindano la ukurasa bora wa albamu. Mshindi, picha yake ukurasa mzima, lebo 12 katika safu tatu. Zimepangika, zinapendeza. Nikaanza kuzitazama vizuri. Lebo 12 za viwanda tofauti, za nchi tofauti, na zote zina urefu mmoja. Mmoja! Ukiweka rula juu yake haicheki. Kwenye safu ya kati ipo moja ambayo fremu yake ya dhahabu imezunguka juu, kushoto na kulia, chini haipo. Fremu gani duniani ina pande tatu?

Sisemi ni yeye. Nasema tu kwamba jina la mshindi ni mojawapo ya yale matano. Na jaji wa shindano, naomba ukisie, ni katibu wa mabadilishano. Pengine ni bahati mbaya tu. Pengine mtu huyo ana mkono mzuri wa kuchagua lebo zinazolingana. Mimi si mahakama.

Siku ya mkutano wa kubadilishana nilikuwa nimejiapiza kusema yote mbele ya watu. Nikaingia ukumbini, nikakuta wale watu wameinama na lenzi zao, ukumbi mzima wa wapenda lebo za bia na hakuna chupa hata moja iliyofunguliwa, wananong'ona kama wako msibani. Ujasiri ukaniisha. Nikaketi. Katibu akapita akanisalimia kana kwamba hatujawahi kuongea, nami, mjinga mimi, nikaitikia na kutabasamu.

Jirani yangu mezani alikuwa mzee mmoja mpole ambaye sikuwahi kumwona. Nikajikuta namwonyesha ile lebo. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole hewani juu ya ukingo bila kuugusa, akaguna. Hakusema kitu. Wiki chache baadaye nikapata barua yake. Ndani kulikuwa na picha ya lebo kama yangu, nzima, kutoka albamu yake, na pamoja nayo lebo nyingine tofauti kabisa ya miaka ileile, mstari wa kodi ukiwa mahali pake. Kijikaratasi kilisema: "Mwanangu, ile imekwisha kufa. Hii ina mstari. Usiiweke kwenye bahasha."

Nililia kidogo, sitaficha. Hakutaka chochote badala yake. Nimemwandikia kumshukuru akanijibu kwa kurasa nne kuhusu lebo za shingoni, nusu yake sikuielewa.

Sasa nitoe nyota ngapi? Kwa ajili ya mzee, tano. Kwa jarida, nne. Kwa katibu na ile kauli yake, hakuna nyota ndogo kiasi hicho. Nikiandika mbili nawaza jarida, nikiandika tatu nasikia "karatasi ya chupa ya bia tu" na mkono unarudi nyuma. Wacha iwe mbili. Ukitaka kujiunga, jiunge, ila kitu unachokipenda kaa nacho nyumbani.

Nyongeza, siku chache baadaye: Nimebadilisha kuwa nyota moja. Bahasha mpya ya mzunguko imefika asubuhi hii. Nilisema nitaituma kwa anayefuata bila kuifungua. Nimeifungua. Lebo ya tatu kutoka juu imebandikwa kwenye karatasi yake kwa selotepu, pande zote nne, na selotepu yenyewe imeshaanza kuwa ya njano. Chini yake palikuwa na lebo mbili ndogo za Uingereza za wakati wa vita, ndogo hasa, kingo zote nne safi. Nimezipima, nimezitazama kwa lenzi, hazina kajino hata kamoja.

Nimechukua zote mbili.