Lushoto siku tatu: Irente nzuri, lakini usikose gulio

Kila niliyemuuliza habari za Lushoto, mji wa baridi kwenye Milima ya Usambara, Tanga, alinitajia Irente, lile jabali la kutazamia bonde. Na mimi niliifuata Irente hiyohiyo, lakini nimerudi Dar nasimulia soko.

Nilishuka Mombo saa saba mchana, na jua la Mombo mnalijua. Kuanzia hapo ni Noah, kilomita 33 hivi za kona tupu, mlima huku, korongo huku. Mnaotapika, wahini siti ya mbele. Mkifika Soni kwenye maporomoko hewa inageuka, abiria wanaanza kutoa masweta kwenye mabegi. Langu nililiacha nyumbani, mwezi wa saba! Hilo simlaumu mtu.

Nyumba ya wageni niliyofikia siitaji. Kwenye simu waliniambia maji ya moto yapo, na kweli yapo: kwenye ndoo, ukiagiza mapema, na ndoo inalipiwa. Chumba kisafi, mablanketi mawili mazito. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Alhamisi asubuhi nikaingia sokoni. Kabichi, karoti, mapeasi, maharage ya kila rangi, akina mama wameshuka navyo kutoka vijijini tangu alfajiri. Nilikwama kwa mama mmoja wa vyungu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikachagua kimoja kwa uzuri wa rangi. Akaninyang'anya. "Mwanangu, chungu hakichaguliwi kwa macho." Akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia ko, kifupi, kama ubao. Akagonga cha pili, kikalia ngeee. "Kile kina ufa, hujauona tu." Alikuwa anakikataa chungu chake mwenyewe mbele ya mteja. Nilinunua cha pili na kifuniko chake, wala sikuomba kupunguziwa.

Mchana nikatembezwa na mzee mmoja wa palepale. Mjini kuna majengo ya Wajerumani bado yamesimama. Wao mji waliuita Wilhelmstal. Nilipoanza kuyapiga picha mzee akanikata kauli: hao wamekuja juzi, ukitaka mji wa Wasambaa uliza Vuga, walikokaa watawala wa ukoo wa Kilindi, akina Kimweri. Vuga sikufika, na ndilo ninalojutia.

Irente tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kwa hatua zangu za mjini, katikati ya mashamba ya migomba na mahindi. Unalipa kiingilio kidogo, unasogea kwenye jabali, na tambarare ile iliyokuunguza jana iko chini kabisa, mabati yanametameta. Nenda jioni. Sisi tuliporudia kesho yake asubuhi tulikuta ukungu, hata vidole vya miguu sikuviona vizuri. Msitu wa Magamba nao ni baridi na kimya, mbega wanaruka juu kwa juu. Chukua mwongozo rasmi, mkubaliane bei kabla hamjaondoka. Bodaboda mmoja alinibadilishia nauli tulipofika, nikalipa kwa hasira.

Kurudi nilikipakata chungu njia nzima, kona zote zile. Kimefika kizima. Kifuniko ndicho kilichopasuka, stendi ya Mbezi, natafuta chenji.