Mwaka wangu wa pili ndani ya umoja wa watu wa teknolojia Tanga

Nina duka la steshenari na ufundi wa kompyuta hapa Ngamiani. Mbele napiga kopi, nachapa na kutoa picha za paspoti. Nyuma kuna meza ya ufundi. Mwaka jana nililipa sh. 60,000 kujiunga na umoja wa wafanyabiashara wa teknolojia wa mkoani kwetu. Tangu hapo kila wiki kuna mwenzangu anayeniuliza kama pale pana faida ya kweli au ni vikao vya kunywa soda tu. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Kilichonipeleka ni kazi iliyonipita. Shule moja ya sekondari, niliyokuwa naitengenezea kompyuta kwa miaka, iliniita na kuniambia haiwezi tena kunipa kazi kwa kuelewana tu. Manunuzi ya taasisi za umma sasa yanapita kwenye mfumo wa NeST, ulioingia 2023 mahali pa mfumo wa zamani wa TANePS, na mimi sikuwemo. Nilihangaika nao peke yangu usiku mbili, sikufika popote. Biashara yangu niliisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, zamani, enzi za karatasi, na taarifa zake sikuwahi kuzihuisha kwenye mfumo wa mtandaoni. Leseni ilikuwa kwa jina langu mwenyewe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ilikuwa na jina langu la kati, leseni haina.

Kijana mmoja wa umoja alikuja dukani, akakaa nami toka saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Akaniambia, "Mama, kwanza tulinganishe majina. Mfumo ukiona mtu mmoja ana sura tatu, haukupitishi." Tukaanza na BRELA, tukaenda leseni, tukamaliza na cheti cha mlipakodi. Jirani yangu fundi cherehani alikuwa amekaa anatusikiliza, naye akaenda nyumbani kuchukua namba yake ya NIDA, akasajili jina lake la biashara siku ile ile: 15,000 ya usajili na 5,000 ya mwaka. Kwa miaka yote alikuwa akidhani ni mambo ya malaki.

Miezi minne baadaye niliomba kazi ya kukarabati kompyuta 26, nikapata. Muda ulikuwa siku kumi na nne. Zamani ningeogopa, au ningekubali halafu nichelewe na kuaibika. Safari hii niliwapigia wenzangu wawili wa umoja, mmoja wa Makorora na mwingine wa Chumbageni, tukagawana mashine. Vipuri tuliagiza Kariakoo kwa mkupuo mmoja, tukapokea mzigo stendi ya Kange, na nauli ya mzigo tukachanga watatu. Tulimaliza siku ya kumi na moja. Kabla ya hapo yule fundi wa Makorora nilikuwa namjua kama mtu anayenichukulia wateja. Leo bodi ya simu ikinishinda, nampelekea yeye, na yeye kompyuta zake za ofisi ananiletea mimi.

Kama umoja ungenifanyia hilo tu, ningelipa tena. Lakini lililonigusa zaidi ni jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Walituitia somo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Nilikwenda nikijua ni habari za benki na kampuni za simu. Mtoa somo akatuuliza swali moja: kompyuta yako ya mbele dukani, sasa hivi, ina vitambulisho vya watu wangapi? Nikanyamaza. Kila anayekuja kuomba kazi huniachia wasifu wake ili akirudi asilipe kuchapa upya. Kila anayekuja kutoa kopi ya kitambulisho, nakiskani na kinabaki palepale. Nilikuwa na mafaili ya miaka sita: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, hati za viwanja, majibu ya hospitali. Kompyuta haikuwa na nywila, na kila mteja mwenye fleshi aliikalia mwenyewe. Mabinti wa mtaa huu waliniachia simu zao zilizopasuka vioo, na nywila wakaniandikia kwenye kikaratasi, kwa kuniamini.

Nilirudi nikafunga duka mapema nikafuta kwa saa tatu. Sasa faili la mteja linafutwa jioni ileile, isipokuwa aniombe nimtunzie na aweke sahihi. Simu inayobadilishwa kioo haihitaji nywila, na tunamwambia mteja hivyo kabla hajaitaja. Simu ikihitaji kufunguliwa ili tuijaribu, tunaijaribu mbele yake. Ningependa kila mwenye steshenari mkoa huu aulizwe lile swali.

Upande wa vijana, umoja una utaratibu wa kupokea wanaotafuta nafasi ya fildi na kuwagawa kwa wanachama. Niliyeletewa ni binti wa Pongwe, ametoka chuo cha ufundi na cheti chake, lakini hajawahi kushika mashine ya mteja anayelalamika. Mwezi wa kwanza nilimpa nauli tu. Mwezi wa tatu alikuwa analehemu sehemu za chaji kwa mkono mtulivu kuliko wangu. Vijana wetu wa namna hii tumezoea kuwasindikiza kwenye basi la Dar. Huyu amebaki, kwa sababu umoja ulimpa orodha ya wanachama wasio na fundi, na sasa siku tatu yuko kwangu na siku tatu yuko kwa mwingine.

Sasa yasiyoniridhisha, nayasema kwa sababu nautakia mema. Somo la biashara ya mtandaoni lilitolewa karibu lote kwa Kiingereza, na nusu ya ukumbi waliondoka na daftari tupu. Tupo Tanga, mji wa Kiswahili. Mtaalamu asiyeweza kutufundisha kwa Kiswahili atafutiwe mkalimani. Vikao navyo huwekwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mwanamke mwenye watoto yuko jikoni. Ndiyo maana kwenye picha za umoja wanaume ni wengi, halafu watu wanasema wanawake hawapendi teknolojia.

Kuhusu bomba la mafuta, kila mtu hapa mjini anangoja neema ya zile kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu. Umoja ulitusaidia kuingia kwenye kanzidata ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya watoa huduma wa ndani. Mimi sijapata kazi hata moja kwa njia hiyo, wala simjui mwenzangu aliyepata. Kuingia ni vizuri, lakini asijiunge mtu kwa ajili ya hilo.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, tumeiombea kikundi cha wanawake watano tuliokutania humo humo. Katiba ya kikundi walitusaidia kuiandika. Majibu bado.

Ada ya mwaka huu nimeshalipa, na ya yule binti nimemlipia nusu ili aingie kwa jina lake mwenyewe. Nimeomba kikao kijacho kiwe Jumapili saa nne asubuhi. Wamekubali kujaribu.