Kabati la "miaka 150" kutoka Ahmedabad, na kavad mpya (hekalu la kubebwa) iliyolitia aibu

Ninazo risiti mbili za kabati moja. Ya kwanza inasema ni la kale, la miaka 150, limetoka katika nyumba ya zamani ya Ahmedabad. Ya pili ina mwandiko uleule na muhuri uleule, ila hiyo inasema ni kazi mpya ya mikono. Kati ya risiti na risiti zimepita siku nne. Anayetaka kununua samani za mbao za Kihindi zenye picha za miungu, hizi zinazouzwa kwa jina la "za kale", asikie kwanza yaliyonikuta.

Nilikuwa jimbo la Gujarat, India, kumuuguza mama, aliyekuwa anatibiwa moyo. Tulipanga chumba kwa mama mmoja wa Kigujarati, na siku zisizo na kipimo wala daktari zilikuwa ndefu, basi nikawa nazurura. Jumapili moja nikafika Ravivari, gulio la kando ya mto Sabarmati karibu na daraja la Ellis: baiskeli, vitabu, masufuria, vitanda, na mbao za nyumba zilizobomolewa. Mji mkongwe wa Ahmedabad umejaa nyumba za mbao za nakshi zilizobanana kwenye mitaa ya vichochoro inayoitwa pol, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2017. Nyumba mojawapo ikivunjwa, milango na madirisha yake huishia sokoni. Kwa hiyo vitu vya kale vya kweli vipo, na hapo ndipo mtu anapopumbazika.

Pale gulioni sikununua. Kijana mmoja alinipeleka kwenye duka la ghorofani, na huko ndiko nilikoliona. Wagujarati nao kabati huliita kabat, kwa hiyo mimi na mwenye duka tulianza kuelewana vizuri mno. Lilikuwa la kutundika ukutani, kimo chake kama mkono wa mtu mzima, mbao za mtiki nzito, bawaba za shaba. Kwenye milango miwili amechorwa Shrinathji: uso mweusi, macho marefu yaliyoinamia chini, mkono mmoja umeinuliwa juu. Miguuni pake ng'ombe weupe wenye alama nyekundu za viganja, na mayungiyungi pembeni. Rangi ilikuwa imefifia kwa namna inayomfanya mtu ateremshe sauti. Nikatoa rupia 18,000. Mwenye duka akaniita ben, yaani dada, akaniagizia chai.

Kwa asiyemjua, Shrinathji ni mungu Krishna wa utotoni, siku alipouinua mlima Govardhan ukawa mwavuli wa kuwakinga wachungaji na mvua ya Indra, mungu wa mvua. Sanamu yake kuu iko Nathdwara, Rajasthan, tangu mwaka 1672, na wachoraji wa mji ule humchora kwenye vitambaa vikubwa viitwavyo pichwai, vinavyotundikwa nyuma ya sanamu. Wagujarati wengi ni waumini wake. Mwenye nyumba wetu alikuwa mmoja wao, na mimi hilo sikulijua.

Jioni nililifungua mbele yake. Aliigusa picha kwa ncha za vidole, akavipeleka kwenye paji la uso, kisha akasita. Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama, akautazama tena mlango. "Shrinathji huinua wa kushoto," akasema. "Wa kulia hukaa kiunoni." Kwenye kabati langu aliinua wa kulia. Aliyechora alinakili picha iliyogeuzwa, na hakugundua. Mwenye nyumba akamwambia mama yangu, aliyekuwa akimwita Ba kama wanavyowaita mama zao, kwamba mtu anayemwomba kila asubuhi hawezi kukosea mkono.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kukifanya dukani. Marehemu baba alikuwa seremala Ngamiani, Tanga, na mimi nimekulia kwenye maranda. Nikawasha tochi ya simu. Mbao zilikuwa na nyufa, lakini rangi ilikuwa imeingia ndani ya nyufa. Rangi ya zamani hupasuka pamoja na ubao; hii ilipakwa ubao ukiwa umeshapasuka. Vitundu vya wadudu navyo vilikuwa na rangi ndani. Maana yake mbao ni kuukuu kweli, huenda zilikuwa mbao za dirisha, lakini mungu aliyechorwa juu yake ni wa juzi.

Kilichoniuma zaidi ni namna lilivyochakazwa. Kabati lililotumika miaka mingi huchakaa pale mkono unapofika: pembeni mwa kishikio, ukingo wa mlango, sehemu ya chini inayogongwa na ufagio. Hili pembeni mwa kishikio lilikuwa safi kabisa, na palipokwanguka ni katikati, tumboni mwa Shrinathji, ambapo hakuna anayeshika. Mtu alipitisha msasa. Na kama lilikuwa kabati la ibada, moshi wa taa za samli uko wapi? Kitu kilichoabudiwa huwa na masizi ya mafuta kwa juu na madoa ya unga mwekundu wa kumkum kwenye paji na miguu ya picha. Nilinusa ndani nikakuta tapentaini. Nikageuza bawaba: skrubu za kisasa zenye kichwa cha msalaba. Hizo peke yake zisingetosha kunishawishi, bawaba hubadilishwa, lakini zilikuja kuongeza msumari.

Risiti ya pili ilitokana na wakala wa mizigo. Alisoma ile ya kwanza akanirudishia kama imemuunguza. India ina sheria ya mwaka 1972 ya vitu vya kale: kilichotimiza miaka 100 mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nje ya nchi, na panapokuwa na shaka huombwa cheti cha idara ya mambo ya kale kuthibitisha kwamba si cha kale. Fikirieni hapo. Kama muuzaji amesema kweli, siwezi kuondoka nalo. Kama naweza kuondoka nalo, ameniongopea. Nikarudi dukani. Mzee yule hakubabaika hata kidogo. Alitoa kitabu cha risiti, akaandika upya, akagonga muhuri, akasema, "Ben, la kale ni la mteja, jipya ni la serikali." Kurudisha pesa akakataa, ila chai aliagiza tena.

Nisilionee kabati lenyewe. Viungo vyake ni vya ulimi na tundu, vimekaa sawasawa, na milango haijapinda. Lingeuzwa kama mbao kuukuu zenye mchoro mpya, kwa nusu ya bei ile, ningelisifu. Tatizo la pili limejitokeza huku Tanga. Unyevu wa pwani hausamehe rangi iliyopakwa bila kutanguliziwa rangi ya msingi, na baada ya miezi saba ng'ombe wa chini wameanza kubanduka magamba.

Sasa kavad. Wiki ya mwisho mwenye nyumba alinipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono, nikakutana na fundi kutoka Bassi, kijiji cha karibu na Chittorgarh, Rajasthan, ambako maseremala wa ukoo wa Suthar wamekuwa wakizitengeneza kavad kizazi baada ya kizazi. Kavad ni hekalu la kubebwa. Ukiliona limefungwa ni kisanduku chekundu chenye walinzi wawili wamechorwa mlangoni. Unafungua mlango wa kwanza, ndani kuna milango mingine. Unafungua hiyo, mingine tena, kila ubao una picha pande zote mbili, mpaka mwisho kabisa unawafikia mungu Rama, mkewe Sita na nduguye Lakshmana wamesimama katika chumba chao. Wasimulizi wanaoitwa Kavadiya Bhat huzunguka nazo kwa wafadhili wao, hufungua ubao mmoja mmoja huku wakigusa picha kwa unyoya wa tausi na kusimulia, wakichanganya hadithi za miungu na nasaba ya mwenyeji. Asiyeweza kwenda hekaluni, hekalu linamfuata.

Nilimuuliza fundi ina miaka mingapi. Akacheka. "Wiki mbili," akasema. Akanionyesha kidole gumba kilichokuwa bado na rangi nyekundu. Akanipa masharti bila kuulizwa: isiwekwe sakafuni, wala karibu na viatu. Nilimlipa rupia 3,500. Mistari yake ni minene, nyuso zote ziko upande, macho makubwa kama ya samaki, na bawaba ni za waya tu, lakini nimeifungua na kuifunga mamia ya mara na hakuna iliyolegea. Rangi haijabanduka hata ukucha. Nikibanwa nitoe nyota, kabati mbili, kavad tano.

Nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Kavad niliipeleka ofisini, iko rafu ya juu, haina ugomvi na mtu. Kabati ndilo lililomshinda mama. "Bibi yako alikuwa na kasha la Kihindi," alisema, "lakini lilikuwa na misumari ya shaba tu, mwanangu, hapakuwa na mtu juu yake. Mimi nitaswali naye ananitazama?" Kulikwangua nikakataa, picha ya ibada ya watu, hata ikiwa ya kughushi, siwezi kuipitishia randa. Fundi akatutafutia njia. Aliing'oa milango, akaigeuza, akafunga bawaba upya, Shrinathji sasa yuko upande wa ndani na nje ni mtiki mtupu. Tumeweka sukari, majani ya chai na dawa za mama za moyo. Kila asubuhi nikifungua, ananiinulia ule mkono wa kulia.