Mafuta ya Virunga au gesi ya Ziwa Kivu?

Mafuta yaliyotafutwa Ziwa Edward, upande wa Kongo, yako ndani ya Hifadhi ya Virunga, urithi wa dunia tangu 1979. Kuyatoa kunadai visima, barabara na bomba refu mpaka baharini. Likivuja, mvuvi wa Vitshumbi, kijiji cha kando ya ziwa hilo, ndiye wa kwanza kuumia. Na kwa kuwa mashariki ya Kongo hatuna kiwanda cha kuyasafisha, mazuti (dizeli) ya Goma yangeendelea kutoka nje.

Gesi ya Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, iko mlangoni petu: metani, gesi inayowaka, kama kilomita za ujazo 60, imeyeyuka kwenye maji ya chini. Bomba hushushwa mita 350 hivi. Maji yakipanda mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka, nayo ndiyo yanavuta maji juu bila pampu. Metani huoshwa kwa maji ili kaboni dioksidi ibaki humo. Mtambo mmoja wa Rwanda, KivuWatt, una uwezo wa megawati 26 za umeme kwa njia hii.

Ugumu uko kwenye maji yanayorudishwa. Yakimwagwa juu mno, virutubisho vinaotesha mwani, oksijeni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, inapungua, na tabaka linalozuia gesi chini linaweza kulegea. Kwenye Ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986, kaboni dioksidi iliyotoka ghafla ziwani iliua watu wapatao 1,700, na kando ya Kivu tunaishi zaidi ya milioni mbili. Bado nachagua Kivu, mradi kila mtambo urudishe maji kwenye kina kilichokubaliwa na nchi zote mbili, na vipimo vitangazwe.