Tangi la Samaki: Kagua Mmea Kabla ya Kukagua Samaki

Mwaka jana nilinunua mashina sita ya kile kiitwacho mianzi ya bahati, yaliyokuwa yamezamishwa ndani ya tangi la dukani, huku muuzaji akiniapia, "Dada, huo haufi." Kufikia wiki ya tano yalikuwa yamegeuka manjano, shina moja nililolibonyeza likatoa ute wenye harufu ya yai viza, na samaki wangu wote wadogo aina ya gapi walikuwa wamepanda juu ya maji wakihema. Mmea ule ni Dracaena sanderiana, ambao si mwanzi wala si wa majini: mizizi yake huvumilia maji, lakini ukizamishwa wote huoza, na uozo huo huzalisha amonia inayounguza matamvua ya samaki.

Kwa hiyo sitaanza na pampu wala taa, ambazo kila muuzaji huzieleza kwa furaha. Ukiwa dukani, utoe mmea nje ya maji kwanza. Mimea halisi ya majini, kama Vallisneria na Cabomba, hulala kiganjani kama uzi uliolowa, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yakizibeba, ilhali mmea wa nchi kavu husimama wima. Atakayekuchanganya ni mmea uitwao Anubias, wa Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye majani yake ni magumu na bado huishi majini. Mtambue kwa shina nene lililolala kama tangawizi, ambalo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, maana likifukiwa mchangani huoza.

Kati ya matangi ninayoyapendekeza kwa nyumbani, nafasi ya kwanza naipa tangi la makombe la Ziwa Tanganyika. Neolamprologus multifasciatus, samaki wa takriban sentimita 4, huishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na ukimwekea mchanga laini atachimba mpaka kombe lizame, ubaki mlango tu. Kundi dogo linatosheka na lita 60. Maji ya ziwa hilo ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni kati) hukaribia 9, hivyo ikiwa birika lako la chai hufanya ukoko mweupe, maji yako yanaelekea kumfaa. Mpandie Vallisneria, ambayo humea hata ziwani humo.

La pili ni tangi la mimea lenye gapi, Anubias na Microsorum, aina ya kangaga anayeishi majini. Upendeleo wangu sifichi: ni kampuni ya Tropica ya Denmark, ambayo miche yake ya maabara huja katika vikombe vilivyofungwa, bila konokono wala mwani, na hakuna Dracaena iliyojificha humo. Samaki mdogo aitwaye neon tetra anapendeza hapa, ila hutaka maji laini. Mwenye kisima cha maji magumu amwache.

La tatu ni la mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa: rangi za kuvutia, lita 200 au zaidi, mawe mengi, na Anubias pekee, kwani mimea laini wataitafuna.

Samaki wa dhahabu katika bakuli ni rahisi kwa bei. Hukua kupita sentimita 15, na bakuli halikui.

Niliporudi dukani kulalamika, mashina mapya ya kijani yalikuwa yamesimama katika tangi lile lile, kwa bei iliyopanda, na nyuma ya kaunta kulikuwa na ndoo iliyojaa mashina ya manjano.